Washenga Walivyoigomea Pilau Yangu

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. (Kanzu ilibaki mwilini. Heshima ndiyo iliyoondoka.)

Mnajua mwaka huu moyo ulinigomea. Mliokuja kuniona hospitali mlimsikia daktari: chumvi, mafuta, nyama nyekundu, basi! Nami niliapa. Tangu nitoke wodini nakula dona, mchicha wa kuchemsha, maharage chukuchuku na samaki wa kuchoma. Mimi huyuhuyu, niliyekuwa nikinywa supu ya utumbo asubuhi kama wengine wanavyokunywa chai.

Sasa leo ilikuwa siku ya posa ya Rehema, binti yangu. Washenga walitoka Kwamsisi, kule Handeni, wakaja hadi hapa kwetu Kwamndolwa, wazee wanne na kanzu zao zimepigwa pasi. Asubuhi mke wangu alinionya, "Baba Rehema, waambie mapema kwamba huli vya mafuta."

"Niache," nikamjibu. "Nitajua la kusema."

Sikutaka wanihurumie. Nilitaka wamkute baba mkwe mzima, kifua mbele.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mahari tukaelewana, kicheko hiki na hiki. Kisha likaja sinia la pilau ya mbuzi, inameremeta! Nikanawa mikono pamoja nao. (Kosa. Ukishanawa, umekubali.)

Mkuu wa msafara, Mzee Mhina, akasema, "Haya mwenyeji, tufungulie."

Kwetu mwenyeji ndiye anayetangulia kutia mkono. Asipokula, mgeni anaanza kujiuliza kilichomo. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini wakati ule nilikuwa nafikiria moyo wangu tu.

"Kuleni, wazee wangu. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba saa ngapi? Tangu tuingie tuko nawe hapa."

"Nimeshiba tu."

"Hata tonge moja?"

"Hata tonge moja."

Wakatazamana. Jasho likaanza kunitoka chini ya kofia. Nikatafuta neno fupi la kweli, limalize ubishi. Nikalipata.

"Wazee," nikasema, "mimi nikila chakula hiki, nakufa."

Mikono ikasimama juu ya sinia. Mzee mmoja mwenye njaa zake alikuwa amekwisha tia tonge mdomoni. Hakutafuna, hakumeza. Alinitazama tu, mashavu yamejaa.

"Na sisi tukila?" akauliza Mzee Mhina, taratibu.

"Nyie hamna neno! Hiki nimewapikishieni nyie!" (Eti najitetea.)

"Mwite mama mwenye nyumba aonje."

Mke wangu akaja, akapiga magoti. "Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mama. Hebu kula kidogo, nafsi zetu zitulie."

"Mtanisamehe. Leo Alhamisi, nimefunga."

(Alhamisi haimpiti yule mama, hata kuwe na posa. Pilau yote aliipika kwa kunusa.) Yule mzee wa tonge akatoka mbio. Tukamsikia akitema uani. Kuku wakagombania, angalau wao walituamini.

Mzee Mhina akaanza kupapasa mkekani akitafuta bakora yake aondoke. Hapo hofu ikaniingia kwelikweli. Rehema ndiye aliyekaa kando ya kitanda changu hospitali, akininywesha uji kwa kijiko. Nampenda yule mtoto kuliko ninavyoweza kueleza. Leo posa yake inavunjika kwa ajili ya mdomo wangu! Nikasema liwalo na liwe. Nikafinyanga tonge, na kipande cha mafuta kikakaa juu yake kinang'aa. Nikalipeleka mdomoni.

"Baba, weka chini!"

Rehema! Mwari ambaye washenga hawakutakiwa hata kumwona leo, kaibuka kutoka chumba cha ndani na kanga yake ya jikoni. Akaninyang'anya tonge, akalila yeye. Akala la pili. Akala la tatu. Hakula kama mwari, alikula kama mtu aliyetoka kulima.

"Shikamooni," akasema mdomo umejaa. "Baba yangu alipata mshtuko wa moyo. Mafuta kakatazwa. Mlitaka mtu wa nyumba hii ale, nimekula. Mkitaka kuondoka na posa yenu ondokeni nayo, ila baba hali!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Machozi nayo yakanitoka, sikuona hata pa kuyaficha.

Mzee Mhina akanitazama sana. "Sasa wewe unakula nini?"

Mke wangu akaleta bakuli langu. Mzee akamega dona, akachovya kwenye mchicha, akatafuna. Akatafuna. Akameza kwa shida.

"Mwenyeji," akasema, "hiyo pilau yako sijui. Lakini hiki ndicho kinachoua."

Wakaangua kicheko, hata yule wa kutema! Wakavuta sinia, wakalipangusa. Mimi nikakaa palepale katikati yao na bakuli langu, nikala mchicha hadi wa mwisho, kila mtu ananiona. Posa imepita. Kijana wao nilimwombea dua kimyakimya, maana anaoa mtu asiyetaniwa.

Sasa hivi nimepigiwa simu na shemeji yangu wa Mashewa, anauliza kama ni kweli nilitaka kuwalisha washenga sumu. Kwamsisi nako wameshanipa jina: Baba Mkwe wa Sumu. Haya, chekeni mpaka mbavu ziume. Baba Mkwe wa Sumu yuko hai, na harusini atakuja na bakuli lake.