Taa ya Kijani ya Kamishna Okidi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe, Erinayo Okidi, Kamishna wa Nyumba za Kambi; maafande wa ngazi zote; Sheikh Abdul-Latif; mchungaji wetu; wake wa maafande na wajane wa maafande; ndugu zetu Wakenya mliofuata soda; itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo hapa Port Bell tunazindua Seva ya Nyumba, mashine ambayo ndani ya kasha lake inajua nani akae kambini na nani ahame, bila upendeleo, bila shemeji, kwa ufanisi wa asilimia mia na arobaini! (Vigelegele.) Sikilizeni sayansi. Nyuma ya kasha kuna pini mbili. Ya kwanza inapokea amri yangu: washa, zima. Ya pili inaripoti kwa taa hii ya kijani kama umeme umefika kweli, kwa sababu serikalini hatuamini amri mpaka tuone ripoti, na tukishaona ripoti hatuulizi tena. (Kicheko.) Jamani, nina furaha mpaka viatu vinanibana!

Mama Ayaa, mjane wa Koplo Olal, njoo ubonyeze swichi. Najua umenuna, mashine hii ndiyo iliyosema mwezi uliopita uhame, hata kabla hatujaiwasha, ndivyo ilivyo na akili. Mimi nilitia sahihi tu. Bonyeza! (Taa inawaka. Tarumbeta. Umati: "Banange, jamani!") Mmeona? Ripoti imefika!

(Umeme unakatika uwanja mzima. Spika kimya.) Msijali, nina sauti ya paredi! Tazameni: feni zimezimika, friji ya soda imezimika, seva yetu inawaka! Huo ndio uthabiti! Mama, rudi ukae. Mama, kifuniko hicho ni cha wataalamu... (Mama Ayaa anafungua kasha. Ndani: betri za tochi, waya, na tofali la kutia uzito.) Hiyo ni awamu ya kwanza.

(Mama Ayaa: "Afande, kama mashine haiko, nani alisema mimi natoka kwa nyumba?")

Swali zuri. Swali la kimkakati. (Wajane wote wamesimama.) Basi, kwa kuwa mashine haikuwepo, haikusema; na kwa kuwa haikusema, mama hahami! Seva hoyee! ("Mama Ayaa hoyee!") Namshukuru Husnah, mwenye duka la kompyuta mtaa wa Kamwokya, aliyetuazima kasha tupu, analitaka kabla ya jioni. Tofali ni langu. Asanteni sana.