Kunguru, Vifungo na Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kunguru wa dirishani amenijibu! Nilikohoa mara mbili, naye akalia mara mbili. Nikaiacha suruali ya mteja kwenye cherehani, mguu mmoja haujashonwa. Nani ashone suruali siku kama hii? Nikiielewa lugha ya kunguru nitakuwa mtu wa kwanza duniani. Mke wangu atasikia huko kwa dada yake, alikohamia tangu Januari, na atarudi mwenyewe. Aliondoka akisema kuishi nami ni sawa na kuishi na kabati. Kabati! Atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Nimepanga vifungo dirishani. Chekundu ni njaa, cheupe salamu, cheusi huzuni. Kunguru kachukua cheusi, kaenda nacho. Maskini, kumbe naye ana yake moyoni! Tumeelewana kabisa. Fundi saa wa chumba cha pili, mtu wa husuda, akasema ndege huyo anapenda vitu vinavyong'aa tu. Halafu akauliza nitampigia lini mke wangu simu. Nikamwambia ashughulike na saa zake, zote zinachelewa.

Alhamisi, 7 Machi
Nyumba imepoa mno. Nimepika chakula cha wawili, mazoea hayo. Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma. Nikakaa na simu mkononi. Ningeanzia wapi? Kwa kunguru angalau najua niweke kifungo gani.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu amekuja! Na kunguru ndiyo kwanza ametua, kainamisha kichwa, yu karibu kusema jambo. Nikamwashiria mke wangu asubiri kidogo. Akasimama mlangoni, mkoba begani. Kisha akasema taratibu, "Nimekuja tuzungumze. Nimekukumbuka."
Nikainua kidole anyamaze. Sikugeuka hata!
Kunguru akaruka. Nilipotazama nyuma, mlango u wazi, hakuna mtu. Nilimkimbilia hadi barabarani nikimwita kwa jina, watu wananishangaa. Alishaondoka. Fundi saa aliona yote na hakunicheka. Hilo ndilo limenimaliza.

Jumapili, 10 Machi
Nimelia, sifichi. Kisha nikatulia, nikatafakari, na kosa nimeliona. Ni ule mkoba! Mkubwa vile, kunguru gani asiogope? Mke wangu akija tena nitamwomba auache chini, naye akae ngazini kimya mpaka kunguru amalize. Aje tu, jamani. Nina mengi mno ya kumwambia.