Spiriti Niliyoitia Kwenye Sabuni ya Harusi

Wanangu, leo nimejiaibisha mwenyewe, tena mbele ya masufuria ya watu.

Mnaijua sabuni yangu ya maji. Nzito, ukiimimina inashuka taratibu kama uji. Naitia chumvi mpaka inashika, kama alivyonifundisha marehemu shangazi Atija. Sasa leo kulikuwa na harusi kwa Sharifa, yule mwenye duka karibu na bandari. Aliniagiza sabuni ya kuoshea vyombo, na ikimpendeza ataiuza dukani kwake. Ila akasema yangu ni nzito mno, inakawia kuenea majini. (Mdomo wa Sharifa naujua tangu tuko wasichana.)

Asubuhi nikamuuliza mjukuu wangu Anifa, anayesomea mambo ya dawa. Akanieleza kwamba sabuni ndani ya maji haikai mojamoja, inajikusanya vibonge vidogo visivyoonekana. Chumvi inavirefusha, vinasokotana, ndiyo uzito ule. Ukitia spiriti ya farmasia, vinakatika vidogo, vinakimbia majini. Akaniambia nitie tone tu, tena nijaribie kwenye kikombe.

Kikombe! Mimi nimepika sabuni kabla mama yake hajazaliwa. Nikamimina chupa nzima ndooni. (Nyingine ikanirukia kwenye kanga.)

Sabuni ikawa maji. Nikaongeza chumvi. Maji. Nikaongeza tena. Maji ya chumvi. Saa zimekwisha, nikaibeba hivyohivyo.

Nafika, wanawake wameyazunguka masufuria ya pilau. Nikainamisha ndoo kwa madaha, kama nilivyozoea na ile nzito. Chwaa! Nusu ndoo miguuni kwa Somoe, mke wa mwalimu wa madrasa.

Sharifa akasogea, akanusa. Hakunusa ndoo. Alinusa kanga yangu.

"Dada Muaziza," akasema polepole, "umri huu ndio umeanza kunywa?"

"Sijanywa. Nimeitia kwenye sabuni."

"Basi sabuni ndiyo imelewa. Tazama, hata kusimama haiwezi."

Walicheka mpaka bibi harusi akachungulia kuuliza kuna nini. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Tukasugua kwa majivu, tukala pilau, siku ikawa nzuri tu.

Wakati wa kuaga Sharifa akaniambia dukani nimpelekee ile nzito, na nije na kanga nyingine.

Nanyi mnaonicheka huko, chekeni kimyakimya. Majina yenu ninayo yote, na ya mama zenu.