Kamati ya Kwenu Kwenu

"Sasa wewe Wakoli, utajuaje mtu ni wa hapa na mtu si wa hapa?"

Nangila, jirani yake wa ukuta mmoja hapo mtaa wa Matisi, Kitale, aliuliza hivyo huku akianua nguo, wala hakungoja jibu, maana mvua ilikuwa imeshafika Mlima Elgon. Lakini Wakoli hakuwa mtu wa kuacha swali lilale njaa. "Ni kumwangalia tu," alisema.

Miezi mitatu baadaye jibu hilo lilikuwa limepigwa chapa, limetiwa muhuri na kutangazwa kwa kipaza sauti Kitale nzima. Kwa ajili ya usalama, umoja na maendeleo, imeundwa Kamati ya Uthibitishaji wa Asili ya Wenyeji. Mwenyekiti ni Bwana Wakoli, mzaliwa wa Malakisi. Wananchi wanaombwa kufurahi kwa utaratibu.

Watu wa Matisi waliona jina hilo ni refu. Waliiita Kamati ya Kwenu Kwenu.

Hakuna kijana aliyepata kitambulisho bila barua ya Kamati, na barua ilipatikana kwa milango miwili. Mlango A ulikuwa wa majina ya kawaida. Ukiitwa Peris au Kipketer uliingia hapo, ukaulizwa mahindi yamefika wapi, ukatoka na barua yako kabla chai ya karani haijapoa. Mlango B ulikuwa wa majina mengine. Ukiitwa Shafi au Ladan ulikaa kwenye benchi nje, upande ambao mabati yaliisha kabla ya kuufikia. Wakoli alilieleza jambo hilo vizuri sana kwenye mkutano mmoja: Kamati haibagui watu, inabagua majina, na jina halisikii jua.

Hata Mlango A haukuwa wa mchezo. Rotich wa Moi's Bridge, mtu mnene anayehema akipanda ngazi tatu, aliombwa azunguke ofisi mbio, maana jina lake ni la kwa wakimbiaji. Akatembea. Wakoli aliandika: "Anatia shaka." Wakiuru naye alisema duka lake lilifungwa kwa hasara, na mwenyekiti akakataa kuamini. "Wewe, hasara? Na unaitwa Wakiuru, jina la wafanyabiashara?" Hata hivyo wote wawili walipewa barua siku hiyohiyo, kwa huruma.

Ndipo akaja Nasro.

Nasro alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Bungoma. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu, na kilikuwa kimeandika waziwazi: asiye na kitambulisho, au barua ya Kamati akingojea kitambulisho, nafasi yake anapewa mwingine. Alikuja na mamake, Bi Nafisa, mjane anayepika mandazi nyuma ya msikiti. Wakoli alikuwa amekula mandazi hayo kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja.

"Jina?" aliuliza Khaemba, karani.

"Nasro Yakub."

Khaemba alinyoosha kidole kuelekea Mlango B bila kuinua kichwa. Huko walikaa tangu saa tatu hadi adhuhuri, wakaenda wakasali, wakarudi wakakuta benchi limewangoja.

"Mama, kwenu ni wapi?" Wakoli alianza walipoingia.

"Matisi."

"Hapana. Kwenu kwenu."

"Matisi, nyuma ya msikiti."

"Usinizungushe, mama. Kabla ya Matisi?"

"Kabla ya Matisi nilikuwa tumboni mwa mama yangu. Na yeye alikuwa Matisi."

Khaemba alikohoa ndani ya kikombe.

"Leta karatasi ya babu," Wakoli alisema. "Babu yako wewe, si wa mtoto."

"Si unanijua, bwana mwenyekiti? Hata leo asubuhi umekula manne."

"Tumbo langu linakujua, mama. Kamati haina tumbo. Kamati inasoma karatasi. Rudi Alhamisi."

Alhamisi alirudi na mkebe wa biskuti wenye kutu kwenye mfuniko. Alisema bismillahi, akaufungua. Ndani mlikuwa na kipande cha babu yake, kile kitambulisho walichokuwa wakivaa shingoni enzi za wazungu. Mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kibanda, kadi ya chanjo ya ndui, na barua ya kumruhusu mzee huyo atoke Kitale siku mbili akamwoze binti yake. Watu wake walikuwa wameulizwa swali lilelile vizazi vinne mfululizo, kwa hiyo hawakuthubutu kutupa kitu.

Wakoli alipanga karatasi hizo mezani. Zikajaa meza, zikaanza kuingia ya Khaemba. Kadiri zilivyoongezeka ndivyo uso wake ulivyokunjamana.

"Hii ndiyo shida," alisema mwishowe. "Mtu wa hapa hawezi kuwa na karatasi nyingi hivi. Mtu wa hapa huwa hana kitu. Acha hapa nakala, urudi Alhamisi."

"Alhamisi ijayo chuo kitakuwa kimefungua," Nasro alisema.

"Basi utakuwa umejifunza subira. Muuguzi bila subira ni wa nini?"

Bi Nafisa aliacha nakala, akarudisha karatasi zake mkebeni moja moja, akaweka mfuniko, akamshika binti yake mkono. Usiseme kwamba hakuumia. Kwanza alisahau kandambili moja mlangoni.

Sasa ikumbukwe kuwa Wakoli alikuwa mtu wa maono. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameandika ripoti kwenda makao makuu Nairobi, akipendekeza Kanuni ya Babu ienee nchi nzima, na kwamba jina lake litajwe. Ijumaa asubuhi jibu lilifika. Khaemba alilisoma akiwa amesimama.

Makao makuu yalikuwa yamependezwa. Kanuni itatumika kwa kila mtu, kuanzia na wenyeviti wa kamati. Aliye na karatasi ya babu apewe barua siku hiyohiyo, yeye na kizazi chake. Asiye nayo atafute shahidi, na shahidi lazima awe ni mtu aliyekwisha kupita kwa kanuni hiyo. Mwenyekiti asiye na karatasi wala shahidi aondoke kitini hadi ajulikane.

"Jina langu limetajwa?" Wakoli aliuliza.

"Limetajwa, mzee. Hapa kwa wenyeviti. Karatasi ya babu yako iko?"

Wakoli alipiga simu Malakisi kwa mjomba wake. Mjomba alicheka sana, kisha akamwonea huruma.

"Ile karatasi babu yako alisokotea tumbaku mwaka wa njaa. Alisema ilikuwa karatasi nzuri, ati inawaka polepole."

Khaemba alipekua mafaili yote, ya Mlango A na ya Mlango B. Kitale nzima alikuwa amepita mtu mmoja na mamake. Akapiga muhuri, akamwita Nasro, akampa Barua Namba Moja. Kisha akasoma waraka tena, akaweka kiti nyuma ya meza, akamwomba Bi Nafisa aketi, maana shahidi mwingine hakuwepo. Mwombaji, Bwana Wakoli, kwa mujibu wa utaratibu, akapitia Mlango B.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?" Bi Nafisa aliuliza.

"Malakisi, mama."

"Si huko ni Bungoma? Hii ni Kitale."

"Tulihama kitambo, mama."

"Karatasi ya babu?"

"Aliivuta."

"Aliivuta akaipeleka wapi?"

"Aliivuta kama sigara, mama."

Khaemba aliandika: "Hati ilivutwa."

"Mama, si unanijua?" Wakoli alisema kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na mmoja nakula mandazi yako. Weka tu sahihi hapo."

Bi Nafisa alishika kalamu, akaiangalia, akaiweka chini.

"Mla mandazi namjua, na Mungu ni shahidi nitalisema hilo popote. Hapa wanauliza kwenu kwenu. Hilo sikuliona kwa macho yangu, na mimi sahihi ya uongo siweki." Akamsogezea faili lake taratibu. "Rudi Alhamisi, mwanangu. Uje na babu."

Khaemba alinyanyua kichwa. "Anayefuata."

Wakoli alichukua faili lake akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi, upande ule usiofikiwa na mabati.