Daktari wa Malale ya Kompyuta

Miaka ile wenye kampuni za utalii mjini Moshi walipoanza kutembea na laptop kwapani, hata wale wasiojua pa kuziwashia, Wenseslaus wa Uru aliona riziki ikipita barabarani bila mwenyewe. Alikuwa amesoma kompyuta majuma machache akafukuzwa kwa ada, lakini jambo moja alilijua kwa ukamilifu: ndani ya kila mashine kuna mahali pa kuiamuru ilale baada ya muda gani, na pembeni yake kuna kitufe cha kurudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Kuna watu wamejenga ghorofa kwa elimu ndogo kuliko hiyo.

Akapanga chumba Majengo, nyumbani kwa Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa mwenye asili ya Machame. Akatundika kibao: ZAHANATI YA KOMPYUTA. Akanunua koti jeupe la mitumba kule Kiborloni, na kuanzia siku hiyo mji mzima ukamwita daktari.

Tiba yenyewe ilikwenda hivi. Mteja akija kuwekewa nyimbo, Wenseslaus anaingia kwenye mipangilio ya umeme na kuamuru mashine ilale kila inapoachwa dakika moja. Mteja anaondoka kwa furaha, kesho anarudi uso umemshuka.

"Inasinzia, daktari. Nikigeuka tu, giza."

Wenseslaus anaiwekea kiganja juu kama anayepima homa. "Malale," anasema kwa huzuni.

"Malale? Ya mbung'o?"

"Ya mtandao. Ugonjwa ni ule ule, mdudu ndiye tofauti."

Mwenye subira alilipia tiba. Mwenye papara alimwuzia Wenseslaus mashine kwa bei ya kutupa, kama mzoga. Bwana Primus, aliyepandisha wageni mlimani na kuwakata wapagazi wake posho mpaka ya chumvi, aliuza mzoga mpya kabisa, kioo bado kina nailoni, akaondoka akicheka moyoni kwamba amempunja fundi. Alipokata kona tu, Wenseslaus alibonyeza kile kitufe chake. Mzoga ukafufuka. Akaufanya mashine yake ya mezani, fahari ya zahanati.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge cha heshima, miwani ya kamba. Alibeba laptop ikiwa wazi, inawaka, kwa mikono miwili, kama abebaye bakuli la mtori wa moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mama Gladys, nina shirika la wajane huku mteremkoni. Usiifunge, bawaba zake mbovu. Niwekee nyimbo za kwaya tu. Wafadhili wetu Wajerumani wanakuja, nataka wakute tunaimba."

Wafadhili! Neno hilo lilimshuka Wenseslaus kooni kama pombe baridi ya mbege. Mjane ana wafadhili. Wafadhili wana laptop nyingine. Hii ikipata malale, nani ataililia?

"Iache hapo, mama."

"Basi nimsalimie mwenye nyumba." Akatoka uani, lakini kwanza akamwita Mzee Ebenezeri mlangoni aitazame picha iliyokuwa kwenye kioo, kilele cha Kibo na theluji yake. Mzee akaisifu sana.

Wenseslaus hakupoteza muda. Akaingia ndani ya mipangilio. Akashangaa kidogo: mama huyu alikuwa ameiamuru mashine isilale kamwe. Wajane bwana, hata mashine hawaipi usingizi! Akaweka dakika moja, akahifadhi, akageuka kutafuta CD za kwaya.

Mashine ikalala, kama ilivyoamriwa. Akagusa kitufe aiamshe. Ikaamka, lakini badala ya Kibo ikaleta kidirisha kidogo kikiuliza neno la siri.

Wenseslaus akaandika *wajane*. Ikakataa. Akaandika *Yesu*. Ikakataa. Kile kitufe chake kilikuwa ndani, na yeye alikuwa nje. Koti jeupe likaanza kumlowa kwapani.

"Mama," aliita kwa sauti ya adabu, "neno lako la siri ni lipi?"

Mama Gladys akaja, Mzee Ebenezeri nyuma yake. "Neno gani, mwanangu? Mimi nimekuja nayo hapa inawaka, haijaniuliza neno lolote. Mzee, si uliiona?"

"Niliiona kwa macho haya," alisema Ebenezeri. "Ilikuwa na mlima. Daktari, mlima wa mama umeupeleka wapi?"

"Mzee, hii ni... inaweza kufutwa yote ikaanza upya."

"Ifutwe!" Mama Gladys akakaa chini, akashika kichwa. "Mradi mzima umo humo! Picha za marehemu mume wangu zimo! Ulifanya nini, mwanangu? Mwambie mzee ulichofanya, labda atatuelewa."

Wenseslaus akafuta kioo kwa mkono wa koti. Aseme aliiwekea malale?

Mzee Ebenezeri alikata shauri kama yuko barazani kanisani. "Mama apewe hii yako iliyo mezani akawapokelee wageni. Ama sivyo, kibao chako kishuke leo, na nyumba yangu uihame."

Mama Gladys akaipokea mashine ya Primus kwa machozi. Ile yake pia akaichukua. "Lazima Wajerumani wauone mzoga," alisema, "wasije wakadhani nimeuza."

Wenseslaus alikaa, akainuka, akakaa. Mwishowe akavua koti, akamfuata mpaka stendi ya mabasi. Alimkuta ndani ya hoteli, mbele yake chai na laptop zote mbili. Ile yenye bawaba mbovu alikuwa ameifunga vizuri tu. Akaifungua, akaandika neno kwa kidole kimoja, na Kibo ikatokea na theluji yake yote.

"Mama! Umefunguaje?"

"Oo, daktari!" Hakushtuka hata kidogo. "Nimekumbuka, baba. Nilipoonja chai tu, likanijia. Umri huu!"

"Basi nirudishie yangu."

"Haki yako kabisa. Twende kwa mzee tumweleze. Mimi nitaeleza nilivyosahau, na wewe utaeleza yangu ilivyolala."

Wenseslaus akatazama nje. Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi, na Arusha, kwa jinsi alivyosikia, ina mafundi wengi.

Mama Gladys alimeza funda la mwisho, akarekebisha miwani, akaingia kwenye mipangilio ya umeme ya ile mashine yenye Kibo. Kidole kikasimama hewani.

"Kwa kuwa umekuja, nisaidie, mwanangu, wewe ndiye bingwa. Nataka nirudishe isilale kamwe. Ndiyo hapa?"

Watu wa meza ya jirani walikuwa wanatazama. Wenseslaus akainama, akasogeza mshale.

"Ni hapa, mama," alisema. "Halafu usisahau kuhifadhi."