Zama za Kati Zisiishe Kabla Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amenishauri nisianze kitabu kinene. Nimemwelewa. Nimebakiwa na haja moja: kumshinda shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, katika mchezo wetu wa vita ubaoni. Miaka yote ananigaragaza. Mimi, mwalimu wa historia! Yeye alikuwa karani wa mahakama tu.

Leo ngome zangu zimejaa ubaoni. Yeye ana mizinga, ila haruhusiwi kuitumia hadi Zama za Kati ziishe. Ziishe lini? Kanuni kimya. Akasema 1453, mwaka tuliofikia. Nikasema ngoja kwanza. Akanikumbusha kwamba mchezo uliopita, mizinga ikiwa yangu, niliapa ziliisha 1400. Nikamjibu kuwa utafiti unasonga mbele.

Jumanne, 4 Machi
Nimemteua binti yangu awe mwamuzi, nikamnong'oneza na hukumu ya kutoa. Akasema yeye hana upande, supu inapoa. Shemeji akauliza, kwani watu waliamka asubuhi wakatangaziwa zama zimekwisha, vueni deraya zenu za chuma? Hoja nzuri. Nimejifanya sikusikia. Uziwi una faida zake.

Jumatano, 5 Machi
Imebaki silaha moja: kufa. Nimelala chali, sauti chini, nikatoa wasia. "Shemeji, nisogezee Zama za Kati hadi 1500." Machozi yakamtoka. Amekubali, akanifunika shuka vizuri. Nimejisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Zama zikiendelea, karata za tauni nazo zinabaki mchezoni. Nimevuta tatu mfululizo. Ngome tupu, hata farasi hawakusalia. Shemeji hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasukuma mizinga yake kando. "Tumalizie kesho, Mwalimu. Usiniache kabla ya 1500." Nikageukia ukutani.

Ijumaa, 7 Machi
Kifua kizito. Kijiko kinanishinda. Nimeona bora nitubu, nikamwambia binti yangu kuwa wasia ule ulikuwa hila. Akasema shemeji alijua palepale, nilipofumbua jicho moja kumchungulia. Na machozi je? "Hayo yalikuwa ya kweli, Baba."

Nimelala na maneno hayo mchana kutwa. Hatimaye nimeliona kosa langu. Nilihangaika na mwisho, kumbe pa kushika ni mwanzo! Zama za Kati zikianza baada ya tauni, basi karata zile tatu hazihesabiki, na farasi wangu wote wako hai.

Nimetuma shemeji aitwe. Nitaanza kukata roho akishavua viatu.