Itifaki ya Mbio za Kunegunda

"Wananchi wa Songea na vitongoji vyake, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba, kuanzia leo, bingwa wetu Kunegunda Mbawala hatakimbia tena kiholela!"

Hivyo ndivyo Thadei, katibu wa Kamati ya Uratibu wa Fahari ya Mji, alivyotangaza kwa kipaza sauti akiwa amesimama nyuma ya pikapu, kuanzia sokoni hadi Mshangano. Alitangaza kwa raha zote. Tangu aajiriwe, kazi yake ilikuwa kutangaza kukatika kwa maji na chanjo ya kuku. Fahari hakuwahi kupewa hata siku moja. Kwa hiyo alivaa suti.

Kunegunda mwenyewe alikuwa akipita ng'ambo ya barabara wakati huohuo, akikimbia kiholela.

Asiyemjua Kunegunda mjini hapa, huyo amehamia jana. Alizaliwa Maposeni, katikati ya mahindi, na alianza kushinda kabla hajajua kwamba kuna mashindano. Shuleni kwao mtoto aliyefika wa mwisho alipewa ufagio, naye aliuchukia ufagio kuliko dhambi. Akapelekwa Arusha kufundishwa. Waliomcheka lafudhi wakaishia kuufahamu vizuri mgongo wake. Akaenda kukimbia Ulaya, kwenye baridi ya kugandisha hata maneno, akarudi na nishani. Akaenda tena, akarudi na nyingine.

Kisha akajifungua, goti nalo likaanza kumsumbua, watu wakasema kwisha habari yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyemtangaza kwa pikapu wala kwa baiskeli. Alilima, akamlea mwanawe, na kila alfajiri akakimbia peke yake barabara ya Peramiho huku mbwa wakimzoea. Mwaka huu akaenda kwenye mbio za Dodoma, akawaburuza wasichana ambao angeweza kuwazaa. Kamati ikaundwa juma lilelile.

"Ushindi ukiachwa utembee wenyewe, utapotea njia," Mwenyekiti Remmy aliwaeleza wajumbe siku ya kwanza. Alikuwa mtu mpana, mwenye tabasamu pana zaidi. "Lazima uongozwe."

Thadei aliliona neno hilo kuwa zito sana.

Wakamwita Kunegunda kikaoni. Alikuja na kandambili, ametoka shamba.

"Bingwa, mazoezi unafanya saa ngapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Alfajiri, Mheshimiwa."

"Alfajiri viongozi wamelala."

"Ndiyo maana barabara inakuwa nzuri."

Thadei akacheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Kamati ikaazimia kwamba mazoezi yahamishiwe baada ya chai, na kwamba bingwa asikimbie popote bila kutanguliwa na kiongozi.

"Nani atanitangulia?" aliuliza Kunegunda.

"Mimi mwenyewe."

"Kwa miguu?"

"Kwa gari," alijibu Mwenyekiti, "kwa niaba ya miguu."

Kunegunda angeweza kunyanyuka akaenda zake. Lakini mwaka huo mchujo wa timu ya taifa ulipangwa kufanyika Songea, na Kamati ndiyo iliyopewa kuandaa njia. Pale nje alimshika Thadei mkono wa suti.

"Kaka Thadei, mimi umri unakwenda. Timu ya taifa haitanisubiri tena, hii ndiyo ya mwisho. Wakitaka kunitangulia, watangulie. Ila wasinizibe."

"Itifaki haimzibi mtu, dada," alisema Thadei, na alisema kwa moyo mweupe. Aliamini kabisa.

Siku ya mchujo Uwanja wa Majimaji ulifurika. Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Zuhra, mama mwembamba mwenye asili ya Nalasi, saa yake ikining'inia shingoni. Thadei akamsomea mwongozo wa Kamati: hakuna mkimbiaji atakayeruhusiwa kulipita gari la mgeni rasmi, ambaye ni Mwenyekiti.

"Na gari likisimama?" aliuliza Bi Zuhra.

"Mgeni rasmi hasimami. Anasalimia."

"Sawa. Lakini wallahi, saa yangu haijui salamu. Asiyefikisha muda wa kufuzu, haendi."

Filimbi ikalia. Wakati wa kwenda, walipokwisha kuuacha mji, mambo yalikwenda vizuri ajabu, kwa sababu barabarani kulikuwa na mahindi tu, na mahindi hayapungiwi mkono. Pikapu ilichanja mbuga. Nyuma yake Kunegunda aliongoza kundi, mwepesi, uso umetulia kama mtu anayepeta mchele. Thadei, aliyesimama nyuma ya pikapu pamoja na Mwenyekiti, alimtazama akasahau kutangaza.

Balaa lilianza waliporudi, walipoukaribia mji. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, na Mwenyekiti alipoona watu, aliona wapiga kura. Akagonga paa la gari. Dereva akapunguza mwendo. Mwenyekiti akapunga mkono, akamsifia mama mmoja mtoto wake, akauliza bei ya mbolea. Mbele kidogo kikundi cha wacheza lizombe kilikuwa kinatumbuiza, ngoma zinatetemesha ardhi. Akagonga tena. Gari likasimama kabisa.

Nyuma yake wakimbiaji bora wa nchi wakarundikana, wakirukaruka papo hapo kama maharage yanayochemka.

"Mheshimiwa," Thadei alinong'ona, "muda."

"Wananchi kwanza."

Thadei akamwangalia Kunegunda. Hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anaitazama barabara tupu iliyokuwa mbele ya pikapu, kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani. Neno lile alilompa pale nje, kwamba itifaki haimzibi mtu, likamrudia Thadei, likamchoma mfano wa mwiba wa samaki.

Kunegunda akapaza sauti. "Mheshimiwa! Kama unatutangulia, shuka utangulie. La sivyo tupishe!"

Ngoma zikanyamaza. Kisha mwanamke mmoja wa lizombe akapiga kigelegele. "Shuka! Shuka! Shuka!" umati ukadakia, na simu zote zikainuliwa juu.

Mwenyekiti akatabasamu. Hakuwa na namna.

"Mimi shuleni nilikuwa moto wa kuotea mbali," alisema, akavua koti, akashuka na viatu vyake vya ngozi. Umati ukalipuka. Akakimbia kweli, tena kwa madaha, mpaka pale kilima kilipoanza.

"Pumua taratibu, Mheshimiwa," Kunegunda alimwambia kwa upole kutoka nyuma. "Mabega yashushe. Unajitahidi."

Mwenyekiti akafungua mdomo, ikatoka hewa tu. Alikuwa ameishiwa na vokali. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akakaa mtaroni, akapunga mkono kwa mara ya mwisho: piteni.

"Mgeni rasmi ameridhia!" Thadei akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Piteni!"

Kunegunda hakungoja mara ya pili. Aliondoka kama mshale.

Dereva akachungulia dirishani. "Katibu, tumfuate nani?"

Katika maisha yake yote ya kazi Thadei hakuwahi kuamua jambo bila kikao. "Mfuate anayekimbia," alisema.

Kunegunda aliingia uwanjani peke yake, meno nje, miguu haionekani. Bi Zuhra akaitazama saa, akaitazama tena.

"Chupuchupu," alisema. "Lakini umefuzu. Alhamdulillahi."

Thadei alilia ndani ya suti yake, bila aibu.

Ikabaki sherehe.

"Nani anatoa nishani?" aliuliza Bi Zuhra.

"Mgeni rasmi."

"Yuko wapi?"

"Barabarani."

"Anafanya nini?"

Thadei akatafuta neno la kiofisi, akalikosa. "Anakimbia."

"Basi ni mshindani. Mshindani hatoi nishani. Na hatuanzi mpaka wa mwisho afike."

Watu wakakaa kusubiri, wakinunua mahindi ya kuchoma kwa furaha. Muda ukaenda. Hatimaye Kunegunda akafunga upya kamba za viatu, akatoka getini, akarudi njia aliyojia. Alimkuta Mwenyekiti akichechemea, kiatu kimoja mkononi, watoto wa kilima kizima wakimsindikiza kwa wimbo waliomtungia wao wenyewe.

Wakaingia uwanjani bega kwa bega, polepole. Thadei akatangaza kwa sauti yake nzuri kuliko zote: "Mabibi na mabwana, mkimbiaji wetu wa mwisho!" Vigelegele vilivyopigwa havikuwahi kupigwa kwenye mkutano wowote wa Mwenyekiti.

Alipovuka mstari, Mwenyekiti alishika magoti yake, jasho linamtiririka. Akainua uso, akamtazama mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, naye neno pekee lililomtoka lilikuwa la kweli.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," akajibu Kunegunda. "Sasa nyoosha miguu, mwanangu, usije ukakakamaa."